John Peel: Shabiki wa muziki aliyeshika maikrofoni ya BBC kwa miaka 37

Septemba 1978, mtangazaji wa kipindi cha usiku cha BBC Radio 1 mjini London aliweka santuri ya bendi ambayo karibu hakuna aliyeijua. Walikuwa vijana watano kutoka mji wa Derry, Ireland ya Kaskazini, wakijiita The Undertones. Wimbo wao, Teenage Kicks, haukufika hata dakika tatu. Ulipokwisha, mtangazaji hakwenda kwenye wimbo mwingine. Alirudisha sindano mwanzo wa santuri, akaupiga tena wote.

Kati ya waliokuwa wakisikiliza redio siku zile alikuwamo Seymour Stein, Mmarekani mwenye kampuni ya kurekodi ya Sire, aliyekuwa ziarani Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, vijana wale ambao santuri yao ilitolewa na kampuni ndogo ya Belfast iliyoanzia katika duka la santuri, walikuwa wametia saini mkataba na Sire.

Mtangazaji huyo ni John Peel, aliyefariki dunia Oktoba 2004. Hakuwa mwanamuziki. Mwaka 1971 alionekana kwenye televisheni akiwa na mandolini jukwaani pamoja na Rod Stewart, lakini alikuwa akiigiza tu, maana chombo chenyewe hakukijua. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, na alichokisikia akakipenda, kuwasikilizisha wengine. Hata hivyo, ni watu wachache sana waliobadilisha muziki wa rock wa Uingereza kama yeye.

Kutoka pamba hadi redio

Jina lake halisi ni John Robert Parker Ravenscroft. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1939 huko Heswall, karibu na Liverpool, siku chache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba, naye alikwenda vitani. Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita hivi alipoanza kumfahamu. Baadaye alipelekwa shule ya bweni ya Shrewsbury, ambako hakung'ara. Kilichomuamsha ni redio. Mwaka 1956 alisikia Heartbreak Hotel ya Elvis Presley, na tangu siku hiyo fedha zake za mfukoni zilijulikana zinakokwenda.

Baada ya miaka miwili ya utumishi wa jeshi, mwaka 1960 baba yake alimpeleka Marekani, katika mji wa Dallas, Texas, akajifunze biashara ya pamba. Pamba haikumshika. Aliuza bima, akaanza kubisha hodi kwenye vituo vya redio. Bahati yake ilikuja mwaka 1964 Beatles walipoiteka Marekani: kijana yeyote mwenye lafudhi ya Liverpool alionekana ni ndugu yao wa karibu, na kituo cha KLIF kikamfanya mtaalamu wake wa habari za Beatles. Kutoka hapo alihamia Oklahoma, kisha California, ambako alipata kusimama mbele ya majukwaa ya bendi ambazo Uingereza zilikuwa bado majina tu.

Mwaka 1967 alirudi nyumbani na kupata kazi Radio London. Jina lisimpoteze msomaji: kituo hicho kilikuwa melini, nje ya pwani ya Essex. Enzi hizo BBC pekee ndiyo iliyokuwa na haki ya kutangaza redio nchini, na muziki wa vijana iliupa saa chache tu. Wafanyabiashara wakaweka mitambo kwenye meli nje ya mipaka ya bahari ya Uingereza na kurusha matangazo kutoka huko. Watu waliziita redio za maharamia. Hapo ndipo Ravenscroft alipopewa jina la Peel, na hapo ndipo alipokabidhiwa saa mbili baada ya usiku wa manane, muda ambao wakubwa wa kituo hawakujali sana kinachosikika. Akapiga alichotaka.

Agosti mwaka huo serikali ilizipiga marufuku redio hizo. Tarehe 30 Septemba BBC ilianzisha Radio 1 ili kuwachukua wasikilizaji wao, pamoja na baadhi ya watangazaji. Peel aliajiriwa kwa mkataba mfupi. Alikaa hadi kifo chake, wa pekee kati ya kundi la kwanza aliyefika huko.

Panki yabisha hodi

Afrika Mashariki wengi tunalijua neno panki kama mtindo wa kunyoa nywele. Chimbuko lake ni huu muziki: gitaa zinazonguruma, nyimbo fupi za kasi, na vijana ambao wengi wao walikuwa wameshika ala miezi michache tu kabla ya kupanda jukwaani.

Mwaka 1976 Peel alikuwa na umri wa miaka 36. Wasikilizaji wake walimzoea kwa rock ndefu yenye madaha, ambayo wimbo mmoja ungeweza kujaza upande mzima wa santuri. Ndipo alipopata albamu ya kwanza ya Ramones, bendi ya New York, akaanza kuipiga. Barua za hasira zikamiminika. Mtangazaji mwenye busara za kibiashara angepunguza. Peel aliziona barua zile kama dalili njema, akaongeza.

Mabadiliko yake yanaonekana waziwazi katika kura ambayo wasikilizaji walipiga mwishoni mwa mwaka kuchagua nyimbo hamsini bora. Mwaka 1976 nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Stairway to Heaven ya Led Zeppelin, wimbo wa dakika nane. Mwaka 1978 ilikwenda kwa Anarchy in the UK ya Sex Pistols. Kipindi kilikuwa kilekile, mtangazaji yuleyule. Wasikilizaji ndio waliogeuka. Wengi wa zamani walimkimbia, na nafasi zao zikajazwa na wanafunzi waliojifungia vyumbani na redio, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe cha kurekodi kaseti.

Siku moja studio, nyimbo nne

Urithi wake mkubwa ulitokana na sheria ya chama cha wafanyakazi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliogopa kwamba santuri zingewanyima wapigaji kazi, kikaibana BBC isipige santuri zaidi ya saa fulani kwa siku. Saa zilizobaki zilipaswa kujazwa na muziki uliopigwa na watu wenyewe. Watangazaji wengi waliliona jambo hilo kuwa mzigo. Peel na mtayarishaji wake wa miaka mingi, John Walters, waliligeuza mlango.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Bendi iliitwa kwenye studio za BBC, mara nyingi zile za Maida Vale, London, asubuhi ikafunga vyombo vyake, na hadi usiku ilipaswa kuwa imerekodi na kuchanganya nyimbo nne hivi. Hapakuwa na muda wa kurudia rudia. Ndiyo maana rekodi hizo zina jasho la ukumbini: unawasikia watu wakipiga laivu, sauti ikikwaruza, ngoma ikitangulia kidogo, na hakuna wa kuisafisha. Kwa maoni yangu, bendi nyingi hazikuwahi kusikika vizuri zaidi ya hapo, hata zilipopata fedha za kukaa studio miezi mitatu.

Tena hukuhitaji mkataba ili kuitwa. Siouxsie and the Banshees walirekodiwa na kipindi cha Peel Novemba 1977, kampuni zote za santuri zikiwa bado zinawakwepa. Jimi Hendrix, David Bowie, Joy Division na The Smiths wote walipita. The Fall ya Manchester, bendi aliyoipenda kuliko zote, iliitwa mara 24. Si wote waliofurahi: The Clash walianza kurekodi, wakalalamikia mitambo ya studio, wakaondoka bila kumaliza. Kufikia mwisho, rekodi hizo zilizidi 4,000, za wasanii zaidi ya 2,000.

Peel hakungoja muziki umfuate ofisini. Alizunguka vyuoni na kwenye kumbi ndogo za mikoani na masanduku ya santuri, akipiga muziki na kukutana na watu. Mwaka 1981, katika ukumbi mmoja wa mji wa Sheffield, mwanafunzi mrefu mwembamba alimsogelea na kumpa kaseti. Kijana huyo alikuwa Jarvis Cocker, na bendi yake, Pulp, ikaitwa studio kabla hajamaliza shule. Ingechukua karibu miaka 14 mingine kabla Uingereza nzima haijaanza kuimba nyimbo zao. Mashabiki wa muziki watajua maana yake: Peel hakusubiri kuona nani atashinda.

Kuna pia kisa cha biriani. Mwaka 1983 Peel alisema hewani kwamba ana njaa na anatamani biriani ya uyoga. Mwimbaji Billy Bragg, aliyekuwa hana jina wakati huo, alikuwa akisikiliza. Alinunua sahani ya biriani, akaipeleka BBC pamoja na santuri yake. Peel aliipiga usiku uleule, japo kwa kasi isiyo yake. Makosa ya kasi ya santuri yalikuwa kama nembo ya kipindi, na wasikilizaji waaminifu wakati mwingine hawakuweza kujua kama bendi inapiga hivyo au mtangazaji amekosea kitufe.

Machozi kwa ajili ya Harare

Sikio lake halikuishia Uingereza. Kipindi chake kingeweza kutoka kwenye panki ya Belfast kwenda kwenye rege ya Jamaika, kisha kikatua Kinshasa bila maelezo. Alimpenda sana Diblo Dibala, mpiga gitaa wa soukous kutoka Kongo ambaye vidole vyake wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam na Nairobi wanavijua kupitia nyimbo za Kanda Bongo Man.

Mwaka 1986 Bhundu Boys wa Zimbabwe walifika Uingereza. Peel alikwenda kuwaona London pamoja na mtangazaji mwenzake, Andy Kershaw, na gitaa zilipoanza, mzee huyu wa miaka 46 aliyekwisha kusikia karibu kila kitu alibubujikwa na machozi. Aliwapa nafasi studio mwaka uleule, na mwaka 1987 walipanda jukwaa la Wembley wakimtangulia Madonna. Miaka miwili baadaye, Peel alipotimiza miaka 50, moja ya bendi zilizotumbuiza kwenye sherehe yake ilikuwa The Four Brothers, nayo ya Zimbabwe. Wakati huo huo kipindi chake katika idhaa ya dunia ya BBC kilimfikisha kwa wasikilizaji wa masafa mafupi nje ya Ulaya, Afrika ikiwemo.

Wakubwa wa Radio 1 hawakumuelewa kila wakati. Kipindi kilihamishwa saa, kikapunguzwa siku, kikapelekwa mwishoni mwa juma. Lakini kila walipofikiria kumuondoa, walikuta vijana wapya wamejifunza kumsikiliza.

Upande usiosifiwa

Maisha haya hayasimuliwi kwa ukweli bila jambo lifuatalo. Mwaka 1965, akiwa Marekani, Peel alimuoa msichana wa miaka 15. Yeye alikuwa na miaka 26. Sheria ya Texas iliruhusu. Ndoa hiyo ilivunjika. Katika mahojiano ya miaka iliyofuata alizungumza bila aibu kuhusu wasichana wadogo waliomwendea enzi zile, na mwaka 2012, miaka minane baada ya kifo chake, mwanamke mmoja alijitokeza kusema kwamba alikuwa na uhusiano naye mwaka 1969 akiwa na miaka 15. Peel hakuwepo kujibu. Jukwaa la bendi mpya la tamasha la Glastonbury, lililopewa jina lake mwaka 2005, limekuwa likiitwa Woodsies tangu 2023. Ninaziheshimu rekodi zile 4,000, lakini siwezi kuzitumia kufunika suala hili.

Mwaka 1974 alioa tena, na mke wake Sheila akawa mama wa watoto wake wanne, ambao majina yao ya kati yalichukuliwa kwenye klabu ya Liverpool: Anfield, Dalglish, Shankly. Waliishi katika kijiji cha Great Finborough, Suffolk, nyumba ikijaa santuri hadi zikahitaji banda lake. Zilikuwa albamu zaidi ya 26,000 na nyimbo moja moja zipatazo 40,000.

Tarehe 25 Oktoba 2004, akiwa Cusco, Peru, na mkewe, alipata mshtuko wa moyo akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 65. Mazishi yalifanyika Novemba katika kanisa kuu la Bury St Edmunds, na watu zaidi ya elfu moja walihudhuria, wakubwa wa muziki wakikaa na mashabiki wa kawaida. Jeneza lilipotolewa nje, spika za kanisa zilipiga Teenage Kicks.

Miongoni mwa vitu alivyoacha nyumbani lilikuwamo sanduku la mbao lenye santuri 142, zile alizozipenda mno, zikiwa zimetengwa na nyingine. Nyingi ni za watu ambao hawakuwahi kuwa maarufu.