Carl Seyfert: Aliyesoma siri ya vitovu vya galaksi

USIKU wa manane mwezi wa Novemba, galaksi iitwayo NGC 1068 hupita karibu juu ya utosi wa wakazi wa Kitale na Bungoma, kwa kuwa miji hiyo imo jirani na Ikweta. Macho matupu hayaioni. Darubini ndogo huionyesha kama doa hafifu la nuru. Hiyo ni mojawapo ya galaksi sita zilizompa sifa Mmarekani Carl Keenan Seyfert, ingawa sifa yenyewe ilivuma akiwa tayari kaburini.

Seyfert alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, Februari 11, 1911. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard mnamo 1936, na baadaye akafanya utafiti katika kituo cha Mount Wilson, California.

Huko aliichambua nuru ya vitovu vya galaksi hizo. Gesi yenye joto kali hutoa nuru ya rangi maalumu, ambayo ikichanganuliwa huonekana kama mistari angavu. Gesi ikija upande wetu, mstari husogea kwenye buluu. Ikienda mbali, husogea kwenye nyekundu. Ikizunguka kwa kasi, mstari hupanuka. Katika makala yake ya 1943, Seyfert alionyesha mistari ambayo upana wake ulilingana na kasi ya hadi kilomita 8,500 kwa sekunde.

Ni nini kilichoizuia gesi hiyo isitawanyike? Leo yajulikana kuwa ni mvutano wa shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni ya majua. Lakini wakati ule dunia ilikuwa vitani, na ugunduzi huo haukupewa uzito.

Mnamo 1946 Seyfert alihamia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, ambako alihangaikia ujenzi wa kituo cha Dyer, kilichofunguliwa 1953. Juni 13, 1960, alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 49.

Miaka mitatu baadaye, kwasa zilipotambuliwa, wataalamu waliirejelea kazi yake. Kenya nayo ikaingia katika historia hiyo Desemba 12, 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya taifa, iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi. Ilinasa eksirei za NGC 4151, mojawapo ya zile sita. Galaksi za aina hiyo sasa huitwa galaksi za Seyfert.