Ken Aston: Mwalimu wa shule aliyeleta kadi nyekundu na njano katika soka

KADI ya njano na kadi nyekundu zimezoeleka mno katika soka, kiasi kwamba wengi hudhani zilizaliwa pamoja na mchezo wenyewe. Sivyo. Fainali za Kombe la Dunia zilichezwa mara nane, tangu mwaka 1930 hadi 1966, bila kadi hata moja kuonekana uwanjani. Aliyezibuni ni mwalimu mkuu wa shule moja ya Ilford, mashariki mwa London, Kenneth George Aston. Kabla ya hapo jina lake lilifahamika zaidi kwa kuchezesha mchezo ambao hadi leo unahesabiwa kuwa miongoni mwa michafu kuliko yote katika historia ya mashindano hayo.

Aston alizaliwa Septemba 1, 1915, katika mji wa Colchester, Uingereza. Alisoma katika Chuo cha St Luke's mjini Exeter, na mwaka 1936 akahitimu kuwa mwamuzi wa soka. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, jeshi la anga lilimkataa kwa sababu ya jeraha la kifundo cha mguu. Akaingia katika kikosi cha mizinga, kisha akahamishiwa Jeshi la India, ambako alipanda hadi cheo cha luteni kanali. Baada ya vita alihudumu katika mahakama ya wahalifu wa kivita iliyokaa Changi, Singapore. Hilo hutajwa kwa nadra anapokumbukwa, ingawa pengine ndilo linaloeleza kwa nini mtu huyu mrefu, mnyoofu wa mgongo, hakuwa mwepesi wa kutishwa na kelele za uwanjani.

Aliporejea katika Ligi ya England mwaka 1946, alikuwa mwamuzi wa kwanza kuvaa sare nyeusi yenye urembo mweupe, vazi ambalo baadaye lilikuwa alama ya waamuzi wote duniani. Mwaka uliofuata aligeukia vibendera. Vile vilivyokuwa vikitumika vilikuwa na rangi zilizofifia, na ukungu wa London ulipotanda mwamuzi hakuweza kumwona msaidizi wake. Aston akaleta vibendera vya rangi kali. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha shauku iliyomwandama maisha yake yote: uamuzi usioonekana na kila mtu ni sawa na uamuzi ambao haukutolewa.

Mwaka 1953 alipewa uongozi wa shule ya Newbury Park, huko Ilford. Siku za kazi alishika chaki, mwisho wa wiki akashika filimbi. Septemba 1960 alikabidhiwa mchezo wa marudiano wa Kombe la Mabara kati ya Real Madrid na Penarol ya Uruguay, na miaka miwili baadaye akawa miongoni mwa waamuzi waliosafiri kwenda Chile kuchezesha Kombe la Dunia.

Mashindano hayo ya 1962 yalifika wakati soka ilikuwa ikibadilika sura. Nchini Uswisi, mwaka 1954, yalikuwa yamefungwa mabao 140 katika michezo 26. Nchini Sweden, mwaka 1958, yalifungwa 126 katika michezo 35. Chile iliambulia mabao 89 katika michezo 32, na kwa mara ya kwanza wastani wa mabao katika Kombe la Dunia ukashuka chini ya matatu kwa mchezo. Wafungaji bora walikuwa sita, kila mmoja akiwa na mabao manne tu. Makocha wengi walikuwa wameanza kuogopa kufungwa kuliko walivyotamani kufunga. Beki wa ziada aliwekwa nyuma ya ukuta, na mshambuliaji hodari aliyepenya alipokewa kwa miguu.

Lawama kwa waamuzi zikafuata. Hispania ililalamika kwamba beki wa Brazil, Nilton Santos, alimwangusha mchezaji wao ndani ya eneo la hatari, kisha akapiga hatua moja mbele kana kwamba tukio lilitokea nje. Mwamuzi akatoa adhabu ndogo badala ya penalti. Garrincha, nyota mwingine wa Brazil, alitolewa nje katika nusu fainali dhidi ya Chile, lakini akaruhusiwa kucheza fainali. Hakuna hata moja ya hayo lililofikia yaliyompata Aston.

Alikuwa ameshachezesha mchezo wa ufunguzi, Mei 30, Chile ilipoifunga Uswisi mabao 3-1, na hakuna aliyenung'unika. Ndipo akapewa Chile dhidi ya Italia, Juni 2, katika Uwanja wa Taifa wa Santiago. Italia ilikuwa imetoka sare ya bila kufungana na Ujerumani Magharibi, hivyo haikuwa na nafasi ya kupoteza. Lakini uhasama ulianzia nje ya uwanja. Chile ilikuwa bado inajijenga baada ya tetemeko kubwa la Mei 1960, na waandishi wawili wa Italia, Antonio Ghirelli na Corrado Pizzinelli, walikuwa wameandika makala zilizouchora mji wa Santiago kuwa shimo la umaskini na uchafu wa kimaadili. Magazeti ya Chile yaliyachukua maneno hayo, yakayachapa na kuyakuza. Watazamaji zaidi ya 66,000 waliingia uwanjani wakiwa na kisasi moyoni.

Rafu ya kwanza ilichezwa sekunde 12 baada ya filimbi. Kabla ya robo saa kwisha, Giorgio Ferrini wa Italia aliamriwa kutoka nje kwa kumchezea vibaya Honorino Landa. Akagoma. Dakika zikayoyoma huku mwamuzi akinyoosha mkono na mchezaji akitikisa kichwa, hadi polisi walipoingia na kumwondoa kwa nguvu. Haikuwa mara yao ya mwisho kuingia uwanjani siku hiyo.

Kisha likaja tukio lililomwandama Aston miaka yote iliyobaki. Winga wa Chile, Leonel Sanchez, mtoto wa bondia, alichezewa rafu na Mario David, akainuka na kumtandika ngumi. Hakutolewa. Dakika chache baadaye David alilipiza kwa kumrushia teke la kichwani, akatolewa nje, na Italia ikabaki na wachezaji tisa. Sanchez hakuishia hapo. Alimvunja pua Humberto Maschio kwa ngumi nyingine, na kwa mara ya pili akabaki uwanjani. Mabao ya Jaime Ramirez na Jorge Toro, yote ya kipindi cha pili, yaliipa Chile ushindi wa 2-0, ingawa ni wachache wanaoyakumbuka.

Lawama nyingi zilimwangukia Aston, na si zote zilikuwa za uonevu. Kubaki uwanjani kwa Sanchez ni jambo gumu kulitetea. Washika vibendera wake wawili, mmoja kutoka Marekani na mwingine kutoka Mexico, hawakumpa msaada alioutarajia, na baadaye alieleza kwamba ilikuwa kama yeye peke yake dhidi ya watu 22. Alifikiria kuvunja mchezo, akaona kwamba kwa umati ule hangeweza kuhakikisha usalama wa Waitaliano. Filamu ilisafirishwa kwa ndege hadi London, ikaonyeshwa na BBC ikitanguliwa na maneno makali ya mtangazaji wake, David Coleman. Aston hakuchezesha tena katika mashindano hayo.

Mwingine angetundika filimbi kwa aibu. Aston alichezesha fainali ya Kombe la FA mwaka 1963, Manchester United ilipoifunga Leicester City mabao 3-1, kisha akaingia katika kamati ya waamuzi ya Shirikisho la Soka la Kimataifa, FIFA. Alikaa humo miaka minane, minne kati yake akiwa mwenyekiti. Hivyo Kombe la Dunia lilipofika England mwaka 1966, waamuzi wote walikuwa mikononi mwake. Ni yeye aliyeanzisha utaratibu wa kuwa na mwamuzi wa akiba, ambao umezaa mwamuzi wa nne wa leo.

Mabao hayakuwa yameongezeka. Wenyeji walianza kwa sare ya 0-0 na Uruguay, na hadi mwisho idadi ilikuwa ileile ya Chile: mabao 89, michezo 32. Pele alipigwa mateke na Wabulgaria, kisha na Wareno, hadi Brazil ikafungasha virago katika hatua ya makundi.

Julai 23 ilikuwa siku ya robo fainali. England ilipangiwa Argentina, na mwamuzi alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Ujerumani Magharibi ilipangiwa Uruguay, na mwamuzi alikuwa Mwingereza, Jim Finney. Mpangilio huo peke yake ulitosha kuzusha shaka. Finney aliwatoa nje Waruguay wawili, na timu yao ikalala kwa mabao 4-0. Kreitlein alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattin, katika dakika ya 35, na Argentina ikafungwa bao moja la Geoff Hurst. Amerika Kusini iliona njama. Na kwa kuwa rais wa FIFA, Stanley Rous, pia alikuwa Mwingereza, haikuwa rahisi kuwashawishi vinginevyo. Hakuna ushahidi wa njama uliowahi kutolewa. Lakini kuwapanga waamuzi namna ile ulikuwa uzembe, na Aston, kama msimamizi wao, hawezi kuondolewa kabisa katika hesabu hiyo.

Rattin alikuwa akizungumza Kihispania, Kreitlein hakukielewa. Nahodha alidai mkalimani. Mwamuzi alisisitiza atoke. Aston, aliyekuwa pembeni, alilazimika kuingia uwanjani kumbembeleza. Santiago ilikuwa imejirudia Wembley: mchezaji anayeambiwa atoke, asiyekubali kwamba ameambiwa, na maelfu ya watazamaji wasiojua kinachoendelea.

Mkanganyiko haukuishia kwa Waargentina. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba ndugu wawili wa England, Bobby na Jack Charlton, nao walikuwa wameandikwa katika daftari la mwamuzi. Wenyewe walikuwa hawajui, na kocha wao alilazimika kuuliza FIFA.

Aston alikuwa akiwaza jambo hilo alipokuwa akiendesha gari kutoka Wembley. Katika barabara ya Kensington High Street taa za kuongozea magari zilimsimamisha. Njano, tahadhari, nyekundu, simama. Dereva wa taifa lolote huzielewa. Inasimuliwa kwamba alipomweleza mkewe, Hilda, huyo alikata vipande viwili vya karatasi vinavyoenea katika mfuko wa shati.

Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Hakuna mchezaji aliyetolewa nje katika mashindano yale, na mabao yalipanda hadi 95. Nyekundu ya kwanza ilingoja hadi Juni 14, 1974, mwamuzi Dogan Babacan wa Uturuki alipomwonyesha Carlos Caszely katika mchezo dhidi ya Ujerumani Magharibi. Caszely alikuwa mchezaji wa Chile, taifa lilelile ambalo Sanchez alilichezea siku ya vurugu za Santiago.

Nyumbani kwake hakukuwa na pupa ya kumwiga. Ligi ya England ilizipokea kadi mwaka 1976, ikaziacha mwaka 1981, ikazirudisha mwaka 1987.

Waliotarajia kwamba kadi zingerudisha mafuriko ya mabao walikosea. Mwaka 1974 yalifungwa mabao 97 katika michezo 38. Nchini Italia, mwaka 1990, wastani uliporomoka hadi mabao 2.21 kwa mchezo, wa chini kuliko wote, huku kadi nyekundu 16 zikitolewa. Ilihitajika sheria nyingine, ya mwaka 1992, kumzuia kipa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Kadi haikumfundisha mtu kushambulia. Ilichofanya ni kuondoa ubishi juu ya kama adhabu imetolewa, na kuuacha ubishi juu ya kama ilistahili. Ubishi huo wa pili haujaisha, na katika Kiswahili kadi imevuka hata mipaka ya uwanja: siku hizi wanasiasa nao huonyeshwa kadi nyekundu na wapiga kura.

Baada ya kuondoka FIFA, Aston alitumia miaka mingi kufundisha waamuzi, hasa nchini Marekani, ambako alikuwa mhadhiri wa chama cha soka ya vijana, AYSO. Mwalimu alirudi darasani. Mwaka 1997 alitunukiwa nishani ya MBE. Alifariki Oktoba 23, 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Miaka mitano baadaye, Juni 25, 2006, Ureno iliitoa Uholanzi katika Kombe la Dunia kwa bao moja tu mjini Nuremberg, huku zikitolewa kadi 16 za njano na wachezaji wanne wakitolewa nje. Mwamuzi alikuwa Mrusi, Valentin Ivanov. Baba yake, mwenye jina hilohilo, alikuwa mmoja wa wale wafungaji sita wa mabao manne nchini Chile, mwaka 1962.