Karl Dönitz: Mwalimu wa nyambizi aliyetia hofu hadi Bahari ya Hindi

WAKATI wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vijana wengi wa Kakamega, ambayo siku hizo ilikuwa makao makuu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini katika mkoa wa Nyanza, waliingia katika kikosi cha KAR, ambacho wenyeji walikiita Keya, na katika vikosi vingine vya serikali ya mkoloni. Waliotumwa Ceylon na Burma walisafirishwa hadi Mombasa, kisha wakapandishwa meli katika bandari ya Kilindini.

Kwa mtu aliyekulia karibu na msitu wa Kakamega, bahari yenyewe ilikuwa kioja. Hata hivyo, hatari kubwa haikuwa mawimbi bali nyambizi. Na hakuna aliyefanya mengi kuigeuza nyambizi kuwa silaha ya kuogofya kuliko Mjerumani Karl Dönitz.

Dönitz alizaliwa Septemba 16, 1891 huko Grünau, karibu na jiji la Berlin. Mamake alifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa na babake aliyekuwa mhandisi. Alijiunga na jeshi la wanamaji mnamo 1910, akahudumu katika manowari Breslau, na mwaka wa 1916 akahamishiwa kitengo cha nyambizi.

Usiku wa kuamkia Oktoba 4, 1918, akiwa nahodha wa nyambizi UB-68 katika bahari ya Mediterania, aliushambulia msafara wa meli za Uingereza na kuzamisha moja. Alikuwa amepanga kushambulia pamoja na nyambizi ya pili, lakini mwenzake hakutokea. Alipojaribu kuzama tena, chombo chake kilikosa mizani, kikaibuka juu katikati ya adui. Baadhi ya mabaharia wake walifariki, naye akatekwa na kupelekwa Uingereza.

Kushindwa huko ndiko kulikomfunza somo alilolishikilia maisha yake yote. Nyambizi moja pekee haiwezi kuuvunja msafara unaolindwa. Zikiwa nyingi, zishambulie usiku zikiwa juu ya maji, kwa amri moja.

Kwa miaka mingi baada ya vita hivyo Ujerumani ilikatazwa kumiliki nyambizi, na Dönitz alihudumu katika meli za kawaida. Kati ya 1934 na 1935 aliiongoza manowari Emden katika safari ya kuwafunza maafisa chipukizi, iliyozunguka bara la Afrika hadi Bahari ya Hindi. Aliporejea alikabidhiwa kikosi cha kwanza cha nyambizi za utawala wa Adolf Hitler, kilichoitwa Weddigen.

Hapo ndipo kipaji chake, na ukali wake, vilipodhihirika. Kabla ya chombo chochote kuruhusiwa kufyatua topido ya mazoezi, yaani kombora linalopita majini, mabaharia wake walipaswa kukamilisha mashambulizi ya kuigiza 66 chini ya maji na mengine 66 juu ya maji. Awali wanafunzi walikuwa wakifundishwa kufyatua kutoka umbali wa zaidi ya mita 3,000, kwa kuhofia mtambo wa Waingereza wa kunasa mwangwi chini ya maji. Dönitz alilipinga fundisho hilo. Aliwataka manahodha wake wasogee hadi mita 600, mahali ambapo topido haikosi kwa urahisi na mlengwa hana muda wa kukwepa.

Alikwenda nao baharini, akala nao, akawajua kwa majina. Vita vilipoanza aliwalaki gatini waliporudi, kisha akamhoji kila nahodha hatua kwa hatua juu ya yaliyoandikwa katika kitabu cha safari. Ukaribu huo uliwafanya mabaharia wamwamini kama mzazi. Ni uaminifu huo huo uliowafanya waendelee kwenda baharini hata ilipobainika kwamba wengi hawangerudi.

Vita vilipozuka Septemba 1939, Dönitz alikuwa na nyambizi 57 tu, nyingi zikiwa ndogo mno kwa bahari ya Atlantiki, ilhali alikuwa ameomba 300. Tangu mwishoni mwa 1940 aliamrisha vita akiwa katika jumba la Kernevel, karibu na bandari ya Lorient nchini Ufaransa. Nyambizi moja ikiona msafara, iliufuata bila kushambulia na kutuma ujumbe wa redio. Dönitz aliziita nyingine zikusanyike, kisha zote ziushambulie usiku kama kundi la mbwamwitu.

Mbinu hiyo nusura iikate Uingereza na chakula na mafuta yake. Lakini ilitegemea redio, na redio ndiyo iliyomsaliti. Wataalamu wa Uingereza huko Bletchley, wakijenga juu ya kazi ya wenzao wa Poland, waliweza kwa vipindi virefu kufumbua ujumbe uliofichwa kwa mashine ya Enigma. Dönitz alishuku zaidi ya mara moja, akaagiza uchunguzi, na kila mara akahakikishiwa kwamba siri zake zi salama. Kamanda aliyetaka kila chombo kimpe habari ndiye aliyemfahamisha adui vyombo hivyo vilipo.

Januari 1943 alipandishwa kuwa mkuu wa jeshi lote la wanamaji. Mwezi wa Mei mwaka huo alipoteza nyambizi 41, zikiandamwa na ndege zenye rada na manowari za kisasa. Mwanawe Peter alifia katika mojawapo, U-954, hapo Mei 19. Siku chache baadaye aliziondoa nyambizi zake katika Atlantiki ya Kaskazini. Mwana wa pili, Klaus, aliuawa baharini mwaka uliofuata.

Baadhi ya nyambizi zilielekezwa Bahari ya Hindi, zikitumia kituo cha Penang, huko Malaya, pamoja na Wajapani. Nyingi za kundi la kwanza zilizamishwa njiani, lakini zilizofika zilitosha kuhatarisha njia ya Mombasa. Agosti 1944, U-198 iliizamisha meli ya mizigo Empire Day mashariki ya Zanzibar, kabla yake yenyewe kuzamishwa karibu na Ushelisheli.

Pigo kubwa zaidi kwa Waafrika Mashariki halikutoka kwa Dönitz bali kwa washirika wake. Februari 12, 1944, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu, na takriban watu 1,300 wakaangamia. Manowari za ulinzi zililazimika kurusha mabomu ya chini ya maji pale pale walipokuwa wakielea manusura, ili nyambizi isitoroke. Majina ya waliopotea yamo katika kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyo kwenye makaburi ya vita ya Nairobi.

Suala la manusura ndilo lililomwandama Dönitz hadi kizimbani. Septemba 1942, U-156 iliizamisha meli Laconia magharibi ya Afrika, kisha ikaanza kuwaokoa waliomo majini hadi iliposhambuliwa na ndege ya Marekani. Dönitz alitoa amri kwamba kuanzia hapo wasiokolewe. Amri hiyo haikutaja kuwaua, lakini mpaka kati ya kuacha na kuua ni mwembamba kwa nahodha kijana aliyejaa hofu.

Heinz Eck wa U-852 aliuvuka. Machi 13, 1944, baada ya kuizamisha meli ya Ugiriki Peleus, aliamuru mabaki na mashua za kuokolea zipigwe kwa bunduki za rashasha ili ndege zisiyaone na kujua alipo. Ni watu watatu tu waliopona. Mapema Mei, nyambizi hiyo ilishambuliwa na ndege za Uingereza ikakwama pwani ya Somalia, na kitabu chake cha safari kikaangukia mikononi mwa Waingereza. Eck hakujitetea kwa amri ya Dönitz. Alisema ilikuwa lazima kukiokoa chombo chake. Alipigwa risasi Novemba 30, 1945 pamoja na maafisa wake wawili.

Kufikia hapo mkuu wao alikuwa amemrithi Hitler kama kiongozi wa Ujerumani, kwa wiki tatu pekee, kabla ya kukamatwa Mei 23, 1945. Mahakama ya Nuremberg haikumwongezea adhabu kwa sababu ya vita vya nyambizi, kwani Admirali Chester Nimitz alikiri kwamba Marekani nayo ilipigana hivyo katika Pasifiki. Alifungwa miaka 10 kwa makosa mengine ya vita. Kujitetea kwake kuwa alikuwa baharia tu hakukulingana na hotuba zake za kumsifu Hitler na kuwalaani Wayahudi, wala na ombi lake la kupewa wafungwa 12,000 wa kambi za mateso wafanye kazi katika viwanda vya meli.

Aliachiliwa kutoka gereza la Spandau mnamo Oktoba 1956, akaandika kumbukumbu zake, na hakuwahi kujutia kwa dhati. Kati ya takriban mabaharia 40,000 waliohudumu katika nyambizi zake, karibu 30,000 walifariki.

Dönitz alifariki Desemba 24, 1980 huko Aumühle. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikataa azikwe kwa heshima za kijeshi na kuwakataza wanajeshi kuhudhuria wakiwa na sare. Mabaharia wake wazee walifika kwa wingi.