William Osler

William Osler (12 Julai 1849 – 29 Desemba 1919) alikuwa daktari na profesa wa tiba kutoka Kanada. Anajulikana hasa kwa kuwatoa wanafunzi wa udaktari katika kumbi za mihadhara na kuwapeleka wodini, wajifunze na kupimwa mbele ya mgonjwa.

Maisha

Alizaliwa Bond Head, katika Ontario ya leo. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana, na Osler mwenyewe alikusudia kuwa mchungaji kabla ya kugeukia udaktari mnamo 1868. Alihitimu Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1872, akaendelea na masomo London, Berlin na Vienna, kisha akarudi McGill kufundisha. Mwaka 1884 alihamia Philadelphia, Marekani, na mwaka 1889 akawa daktari mkuu wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kitabu chake cha tiba cha mwaka 1892 kilitumika katika nchi nyingi. Kuanzia 1905 alikuwa profesa Oxford, Uingereza. Mwanawe Revere aliuawa vitani nchini Ubelgiji mwaka 1917. Osler alifariki miaka miwili baadaye kwa ugonjwa wa mapafu.

Ufundishaji na mitihani

Huko Baltimore kila mwanafunzi alikabidhiwa wagonjwa wake. Aliuliza historia ya ugonjwa, akampima mgonjwa, akachunguza damu na mkojo, kisha akamweleza mwalimu alichokiona.

Wakati huo maswali ya kuchagua jibu hayakuwa yameenea. Mitihani mingi ilikuwa ya insha na ya mdomo. Hata hivyo, katika hotuba ya mwaka 1913 Osler alilalamika kwamba mitihani imeanza kutawala masomo. Alitaka kazi za mwanafunzi katika muda wote wa masomo zihesabiwe, na mitihani iwe ya vitendo zaidi.

Urithi

Katika miaka ya 1950 bodi ya taifa ya mitihani ya udaktari nchini Marekani iliacha insha na kutumia maswali ya kuchagua jibu. Maswali hayo husahihishwa haraka na bila upendeleo, lakini hayaonyeshi kama mwanafunzi anaweza kusikiliza moyo au kuzungumza na mgonjwa mwenye hofu. Mtihani wa kando ya kitanda nao ulikuwa na kasoro: matokeo yalitegemea mgonjwa na mtahini aliyemwangukia mwanafunzi.

Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walichapisha njia nyingine, iitwayo OSCE. Wanafunzi hupita vituo vilevile kwa zamu, kila kituo na kazi yake na dakika zake, na watahini hutumia orodha moja ya alama.

OSCE hutumika pia katika vyuo vya udaktari vya Tanzania. Mafunzo ya wodini nayo yanaendelea: katika hospitali kama Mount Meru jijini Arusha na KCMC mjini Moshi, chipukizi wa udaktari hujifunza wakiongozana na daktari mwandamizi kutoka kitanda hadi kitanda.