Helmholtz na Swali la Wepesi wa Akili

Kila msimu wa mitihani unapokaribia, huzuka upya suala la wepesi wa akili. Wazazi huulizia dawa za kuuchangamsha ubongo, wanafunzi hukesha kwa kahawa, nao baadhi ya walimu huwagawa watoto mafungu mawili: wepesi na wazito. Nyuma ya hayo yote pana swali moja la kisayansi. Je, mwendo wa habari zipitazo katika ubongo na neva za binadamu waweza kuongezwa? Swali hili lisingekuwa na maana kabla ya kazi ya Mjerumani Hermann von Helmholtz, na maisha yake yanatupa jibu ambalo wengi hawalitarajii.

Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 mjini Potsdam, karibu na Berlin. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, mtu mwenye elimu nyingi na mshahara mdogo. Kijana alipenda fizikia, lakini uwezo wa kumsomesha fizikia haukuwapo. Kwa hivyo, mwaka wa 1838 alijiunga na chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin, ambako serikali iligharamia masomo kwa sharti kwamba mhitimu alitumikie jeshi kwa miaka minane.

La kutiliwa maanani ni kwamba huyu hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa katika kila jambo. Alipoadhimishiwa umri wa miaka 70 mnamo 1891, alisimulia jinsi alivyotaabika utotoni kupambanua kushoto na kulia, na jinsi alivyopata shida kuliko wenzake kukariri msamiati na maumbo ya sarufi yasiyofuata kanuni. Mambo yaliyounganishwa kwa sababu na mantiki yalimkaa, yaliyotapakaa yalimponyoka. Mwalimu mwenye pupa angemwita mzito.

Huko Berlin alifundishwa na Johannes Müller, bingwa wa elimu ya viumbe wa zama hizo. Müller aliamini kwamba habari hupita katika neva kwa kasi isiyoweza kupimwa kamwe. Mwanafunzi hakuridhika. Mwaka wa 1847 alichapisha makala mashuhuri kuhusu kudumu kwa nishati, mwaka uliofuata akaachiliwa kutoka jeshini, na mwaka wa 1849 akawa profesa huko Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi.

Hapo ndipo alipofanya jaribio lake kubwa. Alichukua msuli wa mguu wa chura ukiwa bado umeshikamana na neva yake. Aliigusa neva kwa umeme karibu na msuli, akapima muda uliopita kabla ya msuli kujikunja. Kisha aliigusa mbali zaidi, akapima tena. Tofauti ya nyakati hizo mbili, kiasi cha sehemu moja au mbili za elfu ya sekunde, ndiyo iliyokuwa safari ya habari katika kipande hicho cha neva. Mkewe, Olga, alimsaidia katika kazi hiyo. Mwaka wa 1850 alitangaza matokeo: takriban mita 27 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 100 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari barabarani, wala haufikii hata mwendo wa sauti hewani. Aligundua pia kwamba neva ikipoozwa, mwendo hupungua. Baba yake mwenyewe aliona vigumu kukubali kwamba kati ya wazo na tendo la mwili pana muda.

Baadaye alivumbua kifaa cha kutazamia ndani ya jicho, mwaka wa 1851, na katika kitabu chake cha 1863 kuhusu sauti alieleza namna irabu zinavyotofautishwa na mwangwi wa kinywa. Sisi wanaisimu tungali tunafaidi matunda ya kazi hiyo. Mtoto aliyeshindwa na msamiati akawa mwalimu wa wachunguzi wa lugha! Alifariki tarehe 8 Septemba 1894.

Sasa turejee kwenye swali letu. Tunajua leo kwamba neva za binadamu hazina mwendo mmoja. Zilizo nene na kuvikwa ala ya mafuta iitwayo mayelini hupitisha habari kwa mita 100 kwa sekunde na zaidi. Zile nyembamba zisizo na ala, zinazoleta maumivu ya polepole, hupitisha kiasi cha mita moja tu. Ndiyo maana ukijikwaa kidole, unahisi kigongo kwanza, kisha maumivu yanafuata. Ala hiyo huendelea kujengwa tangu tumboni hadi mtu apitapo miaka ishirini. Hapana kidonge kijulikanacho cha kuiongeza kwa mtu mwenye afya, na kahawa huondoa usingizi tu. Lakini mazoezi yana athari. Mwaka wa 2009 watafiti wa Oxford waliwafunza watu wazima kurusha na kudaka mipira kwa wiki sita, wakaona mabadiliko katika sehemu nyeupe ya ubongo, ambayo ndimo zimo nyuzi hizo zenye ala. Mabadiliko hayo hayathibitishi kwamba kasi iliongezeka, lakini yanaonyesha kwamba ubongo hujijenga kwa kazi unayopewa.

Kwa maoni yangu, basi, tunakosea tunapoichukua kasi kuwa ndiyo akili. Mwanafunzi anayenyosha mkono mwanzo si lazima awe ndiye anayefahamu zaidi. Helmholtz alieleza kwamba mawazo yake bora hayakumjia mezani akiwa amechoka. Yalimjia baada ya kupumzika, akipanda taratibu vilima vyenye miti siku ya jua. Mwalimu akiuliza swali, na asubiri kidogo kabla ya kumtaja mjibuji. Mwanafunzi naye arudie mazoezi kila siku, alale usingizi wa kutosha, na atafute sababu inayoyaunganisha mambo badala ya kuyameza yalivyo. Aliyepima mwendo wa neva hakuwa mwepesi wa kukariri, na elimu ingepata hasara kubwa lau walimu wake wangemkatia tamaa kwa sababu hiyo.