Amiri Ibrahim wa Kilwa na Dhahabu Iliyokwenda Lisbon

Mtahiniwa mpendwa, ukiulizwa kuhusu Mwamko wa Sanaa na Matengenezo ya Kanisa huko Ulaya, najua utakakoanzia: Leonardo da Vinci, Michelangelo, Martin Luther, basi. Nimesahihisha majibu mengi ya namna hiyo. Hayana kosa, ila ndani yake hakuna mtu wa kwetu hata mmoja. Leo nakuletea mmoja, ambaye dhahabu ya mji wake iliingia katika mambo hayo bila yeye kutaka. Huyo ni Amiri Ibrahim bin Sulaiman, mtawala wa Kilwa wakati Wareno walipofika.

Usimfikirie kama mkuu wa kijiji cha wavuvi. Kilwa Kisiwani, ambayo leo imo katika Mkoa wa Lindi, ilikuwa na Msikiti Mkuu wenye kuba na nguzo za mawe, ikatengeneza sarafu zake za shaba, na kwa muda mrefu ilisimamia biashara ya dhahabu iliyoteremshwa kutoka bara hadi bandari ya Sofala. Ibn Battuta aliutembelea mji huo mwaka 1331 akausifu. Ila kufikia zama za Ibrahim nguvu zilikuwa zimepungua. Ugomvi wa kugombea madaraka ulikuwa umeuchosha mji, na yeye mwenyewe alitawala kwa cheo cha amiri huku wengine wakimwona kuwa amejitwalia nafasi isiyo yake. Shika jambo hili, kwa maana litakusaidia ukiulizwa kwa nini Wareno walishinda upesi. Mizinga ilichangia, lakini nyumba yenyewe ilikuwa na ufa.

Julai 1500 alifika Pedro Álvares Cabral. Mazungumzo ya biashara hayakuzaa kitu, na Cabral akaondoka. Miaka miwili baadaye, Julai 1502, akaja Vasco da Gama na merikebu nyingi zaidi, naye hakuja kubembeleza. Alitishia kuuteketeza mji endapo amiri hangekubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi.

Hapa jiweke katika nafasi ya Ibrahim. Ana mji wa mawe uliojaa watu, hana mizinga ya kujibu, na ndani ya mji wamo wanaosubiri aanguke. Akikataa, watu wake watakufa. Akikubali, atakuwa amemtambua bwana wa mbali asiyemjua. Alikubali. Kodi inayotajwa ni mithkali 1,500 za dhahabu, yaani zaidi kidogo ya kilo sita kwa vipimo vyetu. Wapo wanaomwita mwoga kwa uamuzi huo. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu alichonunua kwa dhahabu ile ni miaka mitatu ya mji kusimama.

Sasa tuifuate dhahabu yenyewe. Da Gama alirudi Lisbon mwaka 1503 akamkabidhi Mfalme Manuel wa Kwanza. Mfalme akaamuru itengenezwe monstransi, yaani chombo cha ibada ambamo Wakatoliki huweka hostia takatifu ili waumini waione na kuabudu. Kazi alipewa mfua dhahabu Gil Vicente, akaimaliza mwaka 1506. Chombo hicho kina urefu wa sentimita 73 hivi. Kimejengwa mfano wa kanisa dogo lenye minara myembamba, na mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya hostia. Chini yao yamewekwa matufe sita ya kupimia mbingu, alama ya mfalme aliyejivunia safari za baharini. Kwenye kitako yapo maandishi yanayosema wazi kuwa dhahabu ilitokana na kodi ya Kilwa.

Tahadhari ya mtihani: umbo la monstransi hiyo bado ni la Kigothi, mtindo uliotangulia Mwamko wa Sanaa. Usiandike kwamba inafanana na kazi za Florence, ambako Michelangelo alikuwa amekamilisha sanamu yake ya Daudi mwaka 1504. Kinachoiunganisha na zama hizo ni fedha. Wafalme na mapapa walishindana kugharamia sanaa, na sehemu ya gharama hizo ilitoka ng'ambo. Wataalamu wengi husema pia kuwa mfua dhahabu huyo ndiye Gil Vicente mwandishi wa tamthilia, ambaye jukwaani aliwakejeli mapadri na watawa walioipenda dunia kupita kiasi. Baadhi ya kazi hizo zilipigwa marufuku baadaye.

Kejeli hizo zilikuwa na sababu. Mwaka huohuo wa 1506 ujenzi mpya wa Kanisa la Mtakatifu Petro ulianza mjini Roma. Ili kupata fedha za ujenzi, vyeti vya rehema vikauzwa Ujerumani, na mwaka 1517 Martin Luther akatoa hoja zake 95 kuvipinga. Mwaka huohuo wa 1517, katika wosia wake, Mfalme Manuel aliiachia monasteri ya Jerónimos monstransi ya dhahabu ya Kilwa. Waprotestanti wakaja kuyakataa maandamano ya hostia. Mtaguso wa Trento ukayathibitisha mwaka 1551, na Ureno ikabaki upande wa Roma. Kwa hiyo kitu kilichotengenezwa kwa dhahabu ya pwani yetu kikawa katikati ya ugomvi uliowagawa Wakristo wa Ulaya.

Na Ibrahim je? Tumemwacha kisiwani na deni, kwa kuwa kodi ya miaka iliyofuata haikulipwa. Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari. Amiri alikimbia. Watawa Wafransisko waliingia mjini wakiwa wamebeba misalaba na kuimba, sala ikasaliwa kwenye jumba la mtawala, kisha askari wakaanza kupora. Mpangilio huo umeandikwa na watu wa upande wa Wareno wenyewe, kwa hiyo unaweza kuutumia kama ushahidi.

Almeida alijenga ngome akaiita kwa jina la Mtakatifu Yakobo, akamvika taji Muhammad Ankoni, mtu aliyekuwa rafiki wa Wareno. Ankoni aliuawa mwaka uliofuata. Biashara ya dhahabu nayo ikahama, kwa sababu Wareno walikuwa wamejenga ngome nyingine Sofala kwenyewe. Mwaka 1512 waliiacha Kilwa, maana haikuwalipa tena, na Ibrahim akarudi kutawala mji uliokuwa umebaki na watu na mawe, bila ile dhahabu.

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko utaiona ngome iitwayo Gereza, iliyojengwa upya na Waomani karne ya 19 pale ilipokuwa ya Wareno. Neno lenyewe hutajwa kuwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Monstransi iko Lisbon, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale.

Kabla hujageuza ukurasa, jaribu swali hili kwa dakika 30: Kwa kutumia mfano wa Kilwa kati ya 1500 na 1517, eleza namna biashara ya pwani ya Afrika Mashariki ilivyohusiana na sanaa na dini za Ulaya.