Maria Montessori, Mwalimu wa Walimu wa Watoto Wadogo

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kufundisha watoto wadogo haihitaji masomo. Hudhani yatosha mtu kujua nyimbo mbili tatu na kushika fimbo ili watoto wanyamaze. Maria Montessori, mwanamke Mkatoliki wa nchi ya Italia, alitumia zaidi ya miaka 40 kuwaonyesha watu kwamba sivyo. Alifundisha kwamba mwalimu wa mtoto mdogo hana budi kufundishwa kwanza yeye mwenyewe: macho yake, mikono yake, ulimi wake, hata na moyo wake. Yafaa wakatekumeni wajue habari za maisha yake, maana kila mzazi Mkristu ni mwalimu wa kwanza wa watoto wake.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, karibu na mji wa Ancona. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alipenda sana vitabu. Hawakujaliwa mtoto mwingine. Maria alipokuwa na umri wa miaka 5 wakahamia Roma, mji wa Baba Mtakatifu.

Siku zile msichana aliyesoma alitazamiwa kuwa mwalimu wa shule, basi. Wazazi wake walimshauri afuate njia hiyo, lakini yeye akakataa katakata. Alitaka kuwa daktari, kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Katika chuo kikuu cha Roma alivumilia mengi. Haikuonekana vema mwanamke apasue maiti pamoja na wanaume, kwa hiyo alifanya somo hilo peke yake jioni, wenzake walipokwisha kwenda zao. Mwaka 1896 akapata cheo cha daktari, akawa mmoja wa wanawake wa kwanza wa Italia kukipata.

Kazi yake ikampeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili. Humo aliona watoto wenye upungufu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, hawana kitu cha kushika wala cha kutazama. Yasimuliwa kwamba baada ya kula waliokota makombo ya mkate sakafuni, na mlinzi wao akawahukumu kuwa walafi. Maria aliona jambo lingine: mikono ya watoto hao ilikuwa na njaa ya kazi. Akasoma vitabu vya madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, waliofundisha watoto wa namna hiyo kwa kutumia vitu vya kushika. Mwaka 1900 ikafunguliwa shule mjini Roma ya kutayarisha walimu wa watoto hao, naye akawa mmoja wa wakuu wake wawili. Hivyo yeye aliyekataa kuwa mwalimu akaanza kufundisha walimu. Baadhi ya watoto wale, walioitwa wajinga kabisa, wakajua kusoma na kuandika.

Lakini katika miaka hiyo Maria alikuwa na huzuni ya siri. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, pasipo ndoa. Kwa kuogopa aibu, mtoto akapelekwa shamba kulelewa na watu wengine. Mama alimtembelea pasipo kujitaja kuwa ni mama. Mario alirudi kukaa naye alipokuwa kijana wa karibu miaka 15, na tangu hapo hakumwacha. Kosa na jeraha hilo halifichwi katika maisha yake. Aliyesaidia watoto wengi wa wengine alijua uchungu wa kutomlea wake.

Mwaka 1901 aliiacha shule ile, akarudi chuoni kusoma upya. Swali moja lilimsumbua: kama watoto wenye upungufu waliweza kujifunza kwa njia hiyo, kwa nini wenye afya wafundishwe kwa kukaa kimya juu ya mabenchi?

Jibu lilipatikana San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Wenye majumba ya mtaa huo walisumbuliwa na watoto waliochafua kuta na ngazi wakati wazazi wako kazini, wakamwomba Maria awaangalie. Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, ikafunguliwa Nyumba ya Watoto. Waliingia watoto wapatao 50, wachafu, wenye woga na machozi. Wa kuwatunza kila siku alikuwa mwanamke asiye na cheti cha ualimu. Maria mwenyewe alifika kutazama, na kutazama huko ndiko kulikomfundisha.

Siku moja alimwona mtoto wa karibu miaka 3 akitoa vipande vya mti vya mviringo katika matundu yake na kuvirudisha, kila kimoja mahali pake. Maria akawaambia wengine waimbe, akainua kiti cha mtoto pamoja na mtoto mwenyewe, akakiweka juu ya meza. Mtoto hakujali. Alirudia kazi yake zaidi ya mara 40, kisha akaacha kwa hiari yake, mwenye uso wa furaha kama aliyeamka usingizini. Siku nyingine Maria aliwafundisha namna ya kupenga kamasi kwa adabu, nao wakampigia makofi. Akatambua kwamba watoto hao walikuwa wamekaripiwa mara nyingi kwa sababu ya makamasi, na hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha la kufanya. Tena aliingia amebeba mtoto mchanga wa miezi 4, akawaonyesha jinsi alivyotulia. Watoto wote wakajaribu kutulia kama yeye, na nyumba ikawa kimya kabisa pasipo fimbo.

Aliwapa pia herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, wazifuate kwa kidole. Haukupita mwaka, watoto wa miaka 4 na 5 wakaanza kuandika maneno.

Habari hizo zikaenea, na walimu wakataka kujifunza kwake. Mwaka 1909, huko Città di Castello, alifungua mafunzo yake ya kwanza ya njia hiyo, wakafika wanafunzi karibu 100. Baadaye Masista Wafransisko Wamisionari wa Maria mjini Roma wakampokea nyumbani kwao, wakiwalea humo mayatima wa Messina, mji uliobomolewa na tetemeko la nchi tarehe 28 Desemba 1908. Mwaka 1913 wakaja Roma walimu wa nchi nyingi za dunia.

Je, aliwafundisha nini? Kwanza, kazi ya mikono. Kila mwanafunzi alivishika mwenyewe vitu vya watoto, mara nyingi, mpaka akavijua. Alijenga mnara wa vipande 10 vya mti, kikubwa chenye upana wa sentimeta 10 na kidogo chenye sentimeta 1. Pili, uchache wa maneno. Akifundisha jina la kitu, mwalimu afuate hatua tatu alizozibuni Séguin. Kwanza amwonyeshe mtoto kikubwa na kidogo, akitaja majina yao tu. Kisha amwombe ampe kikubwa, ampe kidogo. Mwisho amwulize hiki ni nini. Mtoto akikosa, mwalimu asimkaripie. Aache, arudi siku nyingine. Tatu, kutazama. Wanafunzi walikaa shuleni saa nyingi wakiwatazama watoto kwa makini, bila kuwaingilia. Jambo hili liliwashinda wengi, maana mtu mzima hupenda kusaidia asipohitajiwa. Mkulima hauvuti mche kwa mkono ili urefuke. Huupalilia, huumwagilia maji, hungoja.

Nne, na hilo ndilo kubwa, utakaso wa moyo. Maria alisema kwamba mwalimu ajichunguze, aondoe hasa kiburi na hasira. Mtu mzima akimkasirikia mwenzake, mwenzake humjibu. Mtoto mdogo hawezi kujitetea, kwa hiyo kwake hasira yetu haina kizuizi, nasi huiita malezi mema.

Hakusahau mambo ya dini. Huko Barcelona, katika nchi ya Hispania, watoto walitengenezewa kanisa dogo lenye viti vya kimo chao. Walipanda ngano na mizabibu, ili wajue mkate na divai ya Misa Takatifu vinatoka wapi. Mwaka 1922 Maria alitoa kitabu juu ya watoto wanaoishi katika Kanisa.

Alipata taabu pia. Mwanzoni serikali ya Mussolini ilizipenda shule zake, lakini ilipotaka kuzitumia kwa mambo ya chama, Maria hakukubali. Mwaka 1934 shule zake zikafungwa nchini kwake. Mwaka 1936 vita vikamtoa Hispania. Mwaka 1939 alikwenda Bara Hindi pamoja na Mario, akafundisha mamia ya walimu mjini Madras. Mwaka uliofuata Italia ikaingia vitani, na Waingereza wakamtia Mario kizuizini. Tarehe 31 Agosti 1940, Maria alipotimiza miaka 70, mtawala wa Waingereza akamwarifu kwamba zawadi inayomfaa ni kurudishiwa mwanawe. Kwa miaka mingi mbele ya watu alikuwa amemwita jamaa yake tu. Siku ile aliitwa mwanawe waziwazi.

Maria Montessori alifariki tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, katika nchi ya Uholanzi, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mahali pale.

Bwana wetu Yezu Kristu alimsimamisha mtoto mdogo katikati ya mitume waliobishana juu ya ukubwa. Hakumsimamisha ili mitume wamfundishe, bali ili wao wajifunze kwake. Basi, wakatekumeni, leo jioni mtoto wako akijaribu kujifungia vifungo na kuchelewa, usimnyang'anye kazi yake. Kaa chini, tazama, nyamaza kidogo. Kisha ujiulize mbele ya Mungu: je, ni yeye aliyechelewa, au ni mimi niliyekosa subira? Mkijizoeza hivyo kila siku, mtakuwa mmeanza masomo ya ualimu ambayo hayahitaji cheti, na watoto wenu watamjua Mungu kwanza katika upole wenu.